Magoti ya wanawake wa Abu Hureyra

Kilimo husimuliwa mara nyingi kama neema iliyomshukia mwindaji mwenye njaa. Mifupa ya Abu Hureyra, kijiji cha kale kando ya Mto Frati nchini Siria, inaeleza mengine.

Wakazi wake waliishi kwanza kwa kuwinda swala na kukusanya nafaka za mwituni, ndipo wakaanza kulima. Katika mifupa ya enzi hizo za kilimo, hasa ya wanawake, vidole gumba vya miguu vimeharibika, magoti na migongo imechakaa: walipiga magoti saa nyingi wakisaga nafaka juu ya jiwe. Hao wanastahili kutajwa kabla ya mfalme yeyote.

Wala majengo makubwa hayakusubiri mashamba. Huko Göbekli Tepe, Uturuki, yapata mwaka 9500 KK, watu walioishi kwa kuwinda walisimamisha nguzo za mawe, nyingine zikizidi mita 5, wakazichonga mbweha, nge na ndege.

Miji ilichelewa mno. Uruk, kusini mwa Iraki, ilistawi miaka 6,000 hivi baadaye, na vibao vyake vya udongo vyenye maandishi ya mwanzo vimejaa hesabu za shayiri, kondoo na posho za vibarua.