Bwana Shamba Anajibu: Je, Kupiga Resi Kunaua Lori?



Wakati wa mavuno kila kijiji husubiri lori. Mahindi yamekauka, magunia yameshonwa, na soko liko mbali. Lori likiharibika, mazao hubaki ghalani na wadudu huyala. Ndiyo maana mwezi huu tutazungumza juu ya lori.

Nimepata swali kutoka kwa wanachama wa chama kimoja cha ushirika. Chama chao kina lori. Wamelinunua kwa fedha zao wenyewe. Kila asubuhi dereva akiliwasha hukanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini hulia sana, na moshi hujaa uwanjani. Baadhi ya wanachama wanasema, "Dereva anaua lori letu. Aachishwe kazi." Dereva naye anajibu, "Hili ni lori la kisasa. Haliwezi kuharibika kwa kupiga resi." Wamefanya mikutano miwili na hawajaamua. Wananiuliza: nani anasema kweli?

Swali hili ni zuri. Linahusu mali ya watu wengi na kazi ya mtu mmoja. Tena linahusu maisha ya watu, kama tutakavyoona. Jibu langu ni hili: kila upande una nusu ya ukweli. Tutazame sababu.

Injini inafanyaje kazi?

Ndani ya injini kuna vipande vya chuma viitwavyo pistoni. Kila pistoni hupanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu. Chini ya pistoni kuna mkono wa chuma. Mafundi huuita konrodi. Mkono huu huzungusha mhimili mkuu wa injini. Mhimili huzungusha magurudumu kwa njia ya gia.

Kasi ya injini hupimwa kwa kuhesabu mizunguko ya mhimili huo kwa dakika moja. Lori kubwa likiunguruma taratibu, bila kukanyagwa mafuta, huzunguka kama mara 600. Likivuta mzigo mahali tambarare, huzunguka kama mara 1,000 mpaka 1,500. Kwa malori mengi makubwa, mwisho ni kati ya mara 2,100 na 2,500. Malori madogo huzunguka zaidi ya hapo.

Sasa fikirini juu ya pistoni. Mhimili ukizunguka mara 2,000 kwa dakika, pistoni hupanda mara 2,000 na kushuka mara 2,000. Kila ikifika juu lazima isimame na kurudi. Kila ikifika chini lazima isimame na kurudi. Konrodi ndiyo inayoivuta na kuirudisha. Ukiongeza mizunguko mara mbili, mvuto juu ya konrodi hauongezeki mara mbili tu. Huongezeka mara nne. Kwa hiyo kila injini ina mpaka wake.

Mlinzi wa injini

Nendeni kwenye mashine ya kusaga ya dizeli. Sikilizeni. Mahindi mengi yakimiminwa kwa mara moja, injini hutaka kulala, kisha huamka yenyewe. Mahindi yakiisha, injini haikimbii ovyo. Hurudi kwenye mlio wake wa kawaida. Nani amepunguza mafuta? Si mwenye mashine. Yeye anashika debe. Kuna kifaa kinachoitwa gavana. Kazi yake ni kuongeza na kupunguza mafuta ili injini isipite mpaka.

Gavana si jambo jipya. Mwaka 1788 James Watt, fundi kutoka Uskochi, aliweka gavana ya vyuma vinavyozunguka kwenye mashine ya mvuke. Injini za dizeli nazo zina gavana. Katika malori ya siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo. Mizunguko ikifika mwisho, kompyuta hukata mafuta. Hata dereva akanyage kwa miguu miwili, injini haiendi zaidi.

Hapa dereva anasema kweli. Lori la kisasa lenye oili ya kutosha, ambalo injini yake imeshapata moto, halivunjiki kwa kukanyagwa mafuta mpaka mwisho. Waliolitengeneza waliujua mguu wa dereva, nao wakaweka mlinzi.

Lakini mlinzi huyu hana macho ya kuona kila kitu. Kuna nyakati tatu ambapo kupiga resi kunadhuru hata lori la kisasa.

Wakati wa kwanza: asubuhi

Lori likilala usiku, oili hushuka chini ya injini. Tena oili ya baridi ni nzito, kama asali. Injini ikiwashwa, oili inahitaji muda kidogo kupanda na kufika kila mahali. Ukikanyaga mafuta mara moja, chuma husugua chuma kabla oili haijafika.

Anayeumia zaidi ni turbo. Hiki ni kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Huzungushwa na moshi unaotoka. Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Chombo chenye kasi hiyo kikikosa oili hata kwa muda mfupi, hulika. Haitavunjika leo. Itavunjika baada ya miezi, na hakuna atakayekumbuka asubuhi zile.

Dereva atasema, "Nakanyaga ili kujaza upepo wa breki." Hiyo ni kweli. Malori makubwa hutumia upepo kwenye breki, na lazima upepo ujae kabla ya kuondoka. Lakini si lazima injini ilie. Iache iungurume taratibu dakika tatu hadi tano. Hakikisha taa ya oili imezimika. Kisha kanyaga kidogo, mizunguko ifike kama 1,000. Upepo utajaa, na injini haitaumia.

Wakati wa pili: jioni

Lori limepanda mlima na mzigo. Limefika. Dereva anapiga resi mara moja, kisha anazima. Hii ni desturi mbaya. Turbo bado ina moto mkali na bado inazunguka. Injini ikizimwa, oili haiji tena. Oili iliyobaki ndani ya turbo huungua na kuwa masizi.

Dawa yake ni rahisi. Baada ya kazi nzito, iache injini iungurume taratibu dakika tatu hadi tano, kisha zima. Wakati huo dereva anaweza kuzunguka lori na kutazama matairi.

Wakati wa tatu: mteremko

Huu ndio wakati wa hatari kubwa. Wakulima wa Iringa wanaopeleka mazao Dar es Salaam wanaujua mlima Kitonga. Lori linalotoka Iringa huushuka likiwa na shehena. Mahali pa namna hii si injini inayosukuma magurudumu. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo husukumwa na uzito wa mzigo.

Tuseme dereva amechelewa. Lori limeshika kasi, ndipo anaingiza gia ndogo kwa nguvu. Magurudumu yanailazimisha injini kuzunguka mara 3,000, wakati mwisho wake ni mara 2,100 au 2,500. Kompyuta inakata mafuta, lakini haisaidii, maana si mafuta yanayoizungusha. Kutoka mara 2,000 mpaka 3,000, mvuto juu ya konrodi huwa zaidi ya mara mbili. Valvu huweza kugonga pistoni na kupinda. Konrodi huweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini.

Shikeni neno hili: gavana huilinda injini dhidi ya mguu wa dereva. Hailindi dhidi ya mlima.

Usiogope mlio, tazama mshale

Sasa nataka kuonya juu ya kosa jingine. Dereva akisikia injini inalia kwenye mteremko, huweza kuogopa. Anafikiri injini inakufa. Anatoa gia na kuacha lori liteleze kwa nyutro. Wengine hufanya hivyo wakidhani wanaokoa mafuta.

Ndugu dereva, usifanye hivyo kamwe. Kwenye mteremko, injini iliyo ndani ya gia ndogo hulishika lori lisikimbie. Ikizunguka kwa kasi, chini ya alama nyekundu, hushika vizuri zaidi. Mlio ule ni mlio wa kazi. Ukitoa gia, breki za magurudumu zinabaki peke yake. Breki zikishikwa muda mrefu hupata moto. Zikipata moto sana hazishiki tena. Hapo lori, mazao, dereva, utingo na watu walio njiani wote wamo hatarini.

Tena nyutro haiokoi mafuta. Lori la kisasa likiwa ndani ya gia, na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta hukata dizeli kabisa. Likiwa nyutro, lazima lichome dizeli kidogo ili injini isizimike.

Fanya hivi:

1. Punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka.

2. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, si katikati ya mteremko.

3. Tumia breki ya injini kama lori linayo.

4. Tazama mshale wa mizunguko. Ukikaribia alama nyekundu, kanyaga breki kwa nguvu kiasi mpaka mwendo upungue, kisha achia. Usiache mguu juu ya breki muda wote.

5. Kama ni lazima kushusha gia, kwanza punguza mwendo kwa breki.

Hasara ya mfukoni

Liko jambo jingine. Injini ikizunguka sana bila kuvuta mzigo hula mafuta bure. Tupige hesabu. Tuseme lori linapoteza nusu lita kila asubuhi kwa resi zisizo na kazi. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, ni lita 13. Kwa mwaka ni lita 156. Tafuteni bei ya dizeli mnakonunua, kisha zidisheni. Hizo ni fedha za wanachama.

Hata njiani, injini ya dizeli huvuta vizuri kwenye mizunguko ya katikati. Katika malori mengi sehemu hiyo ina rangi ya kijani kwenye saa ya mizunguko. Dereva anayekaa kwenye kijani hufika na mafuta yaliyobaki.

Na wakati wa masika lori likikwama kwenye tope, msipige resi. Gurudumu linalozunguka bila kwenda huchimba shimo. Likishika ghafla, ekseli huweza kukatika. Chimbeni tope mbele ya magurudumu, wekeni mawe na matawi, kisha mlitoe taratibu.

Mkutano uamue nini?

Kwa wanachama walioniuliza nasema hivi. Msimwachishe dereva kazi kwa sababu ya mlio tu. Amesema kweli kwamba lori lina mlinzi. Lakini naye aache kupiga resi asubuhi na jioni, maana hapo anakula mali yenu polepole.

Andikeni taratibu chache kwenye karatasi, muibandike ndani ya lori. Dakika tatu hadi tano baada ya kuwasha. Dakika tatu hadi tano kabla ya kuzima, baada ya kazi nzito. Oili ipimwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Chujio la hewa lisafishwe au kubadilishwa kwa wakati, kama kitabu cha lori kinavyosema. Gia ndogo kabla ya mteremko, na nyutro ni marufuku. Mwenyekiti na dereva wote wawili watie sahihi.

Sasa mnajua kusoma. Kitabu cha lori kisikae kabatini. Kikiwa kwa lugha ya kigeni, mwombeni mwalimu awasaidie kukisoma. Humo mtaona mwisho wa mizunguko ya lori lenu wenyewe.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Gavana ya mashine ya kusaga inafanya kazi gani?

2. Kwa nini gavana haiwezi kuilinda injini kwenye mteremko?

3. Kijijini kwenu, ni mteremko gani ulio mkali? Madereva wanaushuka kwa gia ipi?

4. Lori au trekta lenu likiwashwa asubuhi, linasubiri dakika ngapi kabla ya kwenda kazini?

Nawatakia mavuno mema na safari salama.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu.