Tusizitegemee mno breki za kompyuta

Magari mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani siku hizi huja na kifaa ambacho mnunuzi aghalabu hakukiulizia, wala muuzaji hakujisumbua kumwonyesha. Ni kamera ndogo iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele, pengine ikisaidiwa na rada iliyofichwa karibu na bampa. Kazi yake ni kuitazama barabara bila kupumzika, na iwapo gari lakaribia kugonga ilhali dereva amezubaa, kompyuta hufunga breki bila kumngojea. Japani ilianza kuzilazimisha breki hizi katika aina mpya za magari ya abiria yanayoundwa huko mnamo Novemba 2021. Nasi, kwa kuwa hununua magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, tutazidi kuyapokea kwa wingi mwaka baada ya mwaka.

Hakuna mwenye akili timamu atakayeupinga uvumbuzi huu. Taasisi ya IIHS ya Marekani, ambayo hugharimiwa na makampuni ya bima, imeonyesha kwamba breki hizi hupunguza kwa takriban nusu ajali za gari kuligonga jingine kwa nyuma. Nchi hii hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na haiwezi kulidharau jambo kama hilo. Linalonitia wasiwasi ni kwamba tunauziwa kifaa hiki kana kwamba hakikosei, na hali huko kilikotoka wenyewe wanalalamika.

Mnamo Februari 2022 idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilianza kuchunguza takriban magari milioni 1.7 ya Honda, aina ya CR-V na Accord, baada ya kupokea malalamiko 278 kuwa yalikuwa yakifunga breki ghafla mahali pasipo na kizuizi chochote. Mwaka 2024 uchunguzi huo ulipanuliwa hadi karibu magari milioni 3. Mwezi ule ule wa Februari 2022, Tesla nayo ilifunguliwa uchunguzi kwa malalamiko ya namna hiyo hiyo yaliyofika 354. Madereva wa huko wameyapa mambo haya jina la breki za mzuka.

Mzuka huo una asili yake. Rada hurushiwa mwangwi na kila chuma: daraja, kibao cha barabarani, hata lori lililo katika mkondo mwingine. Kamera nayo huweza kuhadaiwa na kivuli au na miale ya jua la jioni. Mhandisi anapoitengeneza kompyuta iwe nyepesi kushtuka, gari litashika breki ovyo. Akiifanya nzito, litampitia mtu. Mwaka 2018, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku. Wachunguzi waligundua kuwa gari hilo la Volvo lilikuwa limetoka kiwandani na breki zake za dharura, lakini zilizimwa kila lilipoendeshwa na kompyuta ya Uber, ili mitambo miwili isigongane.

Hebu sasa tuyalete haya katika barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa. Gari dogo likijifungia breki ghafla kwa sababu ya kivuli, lililo nyuma yake si jingine lenye kamera. Huenda ni lori kuukuu lililosheheni saruji, au matatu inayokimbilia abiria, na breki yake ya pekee ni mguu wa dereva.

Lakini linalonikosesha usingizi zaidi ni suala la waendao kwa miguu, ambao ndio wengi miongoni mwa wanaouawa katika barabara zetu. Mwaka 2022 IIHS ilitangaza kuwa breki hizi zilipunguza ajali za kuwagonga watu hao kwa asilimia 27, lakini katika barabara zenye giza zisizo na taa hazikuleta tofauti yoyote. Msomaji na ahesabu mwenyewe barabara zetu ngapi zina taa zinazowaka.

Kisha, Januari 2025, taasisi hiyo ilitoa matokeo ya ajabu. Ilivalisha sanamu ya mtu nguo zenye mikanda ya kuakisi mwanga, mfano wa zile za wajenzi wa barabara, na kuijaribu gizani. Honda CR-V haikupunguza mwendo hata kidogo ilipokutana na sanamu yenye mikanda hiyo. Kwa jumla ya majaribio yote, CR-V iliigonga sanamu mara 84 kwa kila 100, na Mazda CX-5 mara 88. Subaru Forester, kwa upande wake, iliikwepa katika majaribio yote isipokuwa moja. Yaani kinachomfanya mtu aonekane na macho ya binadamu ndicho kilichomficha mbele ya baadhi ya kompyuta. Nasi Sheria ya Trafiki, ilivyorekebishwa mwaka 2012, yawataka waendeshao bodaboda na abiria wao wavae jaketi za aina hiyo! Sisemi wazivue, kwani macho ya dereva bado ndiyo yanayowaokoa. Nasema asiwepo dereva wa kudhani kwamba kamera imemwona kila aliyevaa jaketi.

Kuna na jambo la gereji. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe na kuelekezwa upya kwa vyombo maalumu. Ikipinda kidogo tu, yatazama pasipotakiwa. Fundi wa kando ya njia hubandika kioo kwa gundi, akapokea fedha zake, na mwenye gari akaondoka akiamini kila kitu ki sawa. Taa ya onyo ikiwaka, maelezo yake mara nyingi yameandikwa kwa Kijapani.

Magari haya hukaguliwa kwa niaba ya KEBS kabla ya kupakiwa melini. Ukaguzi huo na uhusishe kamera na rada, na cheti kiseme waziwazi iwapo zinafanya kazi au la. Nao wauzaji walazimishwe kumkabidhi mnunuzi maelezo ya breki hizo kwa Kiswahili au Kiingereza, pamoja na tarehe ambayo kamera ilipimwa mara ya mwisho.