Simu ikisema kuna sasisho jipya: tubonyeze au tuache?

Swali linalotufikia mara kwa mara kwa ujumbe kutoka Tosamaganga, Ipamba, Kalenga na vijiji vya jirani ni fupi: "Simu inaniandikia kuna sasisho jipya. Nibonyeze au niache?" Wanaouliza si watu wageni wa simu. Wengi walishabonyeza siku moja, bando la wiki likaisha ndani ya saa moja, kisha simu ikaanza kujaa na kukwama. Tangu hapo, ujumbe ule ukitokea wanaufuta haraka kama mtu anayefukuza nzi.

Tunawaelewa. Ila kuacha nako kuna hatari yake, na hatari hiyo imekua. Simu ileile ya kupigia picha ndiyo inayopokea malipo ya mahindi na nyanya, ndiyo yenye kumbukumbu za kikundi cha VICOBA, ndiyo yenye namba ya siri ya pesa za ada. Kwa hiyo tuliangalie jambo hili kwa makini: mtu anatarajia nini anapobonyeza, na anapata nini?

Kuna mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Mfumo endeshi ni programu kubwa inayoiendesha simu au kompyuta nzima. Kwenye simu nyingi za hapa ni Android, kwenye kompyuta nyingi ni Windows. Imeandikwa na binadamu, na ndani yake hubaki makosa. Baadhi ya makosa hayo ni kama mlango usiofunga vizuri. Sasisho la usalama ni fundi anayekuja kurekebisha kitasa: anafanya kazi yake, anaondoka, nyumba inabaki ileile. Toleo jipya ni jambo jingine. Hilo ni kuezua paa na kuongeza ghorofa juu ya msingi wa zamani. Simu huyatangaza yote mawili kwa ujumbe unaofanana, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Wanakubali ghorofa wakidhani ni kitasa, halafu siku nyingine wanakataa kitasa wakiogopa ghorofa.

Zamani kilikuja kifurushi kimoja

Waliotumia kompyuta miaka ya 2000 watakumbuka utaratibu tofauti. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilisambaa duniani kupitia kasoro ya Windows. Mwaka mmodja baadaye, Agosti 2004, Microsoft ilitoa kifurushi cha pili cha maboresho ya Windows XP. Marekebisho ya nyuma yalikuwa yamekusanywa humo, na ukuta wa kuzuia wavamizi ulikuwa umewashwa tayari bila mtumiaji kugusa kitu. Kilikuwa kikubwa, lakini kiliingia kwenye CD. Mwalimu mmoja angeweza kukichukua mjini, akakiweka kwenye kompyuta kumi za shule, kisha CD ikaenda shule ya pili bila kulipia intaneti tena.

Utaratibu huo umekwisha. Kifurushi cha mwisho cha namna hiyo kwa kompyuta za kawaida kilikuwa cha Windows 7, mwaka 2011. Kuanzia Windows 10 ya mwaka 2015, maboresho huja kidogo kidogo, kila mwezi, kupitia intaneti. Simu za Android nazo zina mwendo huo. Baada ya kugunduliwa mwaka 2015 kasoro iliyopewa jina Stagefright, ambayo iliwezesha simu kuvamiwa kwa ujumbe wa picha tu, Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi.

Kwa mtu mwenye intaneti ya waya nyumbani kwake London, hilo ni jambo zuri, wala hajui kama limefanyika. Kwa mtu anayenunua bando la siku, ni kama kuambiwa uende Iringa mjini kila wiki kuchukua debe moja la mbolea, badala ya kupakia mifuko yote mara moja. Mbolea ni ileile. Nauli ndiyo inayokumaliza.

Hivyo tunaposikia watu wa mijini wakisema wanakijiji ni wazembe kwa kutosasisha simu zao, hatukubaliani nao. Mtumiaji wa kijijini anatarajia kile ambacho kifurushi cha zamani kilimpa: kitu kamili, kisichokuja kila wakati, chenye gharama inayojulikana, na kisichoharibu kilichokuwa kinafanya kazi. Ni matarajio ya haki. Waliobadilisha utaratibu ni watengenezaji.

Kwa nini tusipuuze

Tarehe 12 Mei 2017 programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry iliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150. Ilifunga mafaili na kudai fidia ili yafunguliwe. Kule Uingereza iligusa taasisi 80 kati ya 236 za hospitali za umma, na inakadiriwa kuwa miadi 19,000 ya wagonjwa iliahirishwa. Kinachouma ni hiki: Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya kasoro hiyo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambayo dawa yake ilikuwepo na ilipatikana bure. Haikuwekwa tu. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la mapokezi la hospitali anaweza kufikiria asubuhi ambayo kompyuta zote zimefungwa na wagonjwa wako nje.

Hata hivyo hofu ya upande wa pili nayo si ya kijinga. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa siku moja, ndege zikakwama viwanjani. Sasisho hilo halikuwa la Windows yenyewe, lakini lilionyesha kuwa fundi naye anaweza kuvunja mlango.

Na wapo waliothibitisha kisheria kile ambacho wasikilizaji wetu husema kila siku, kwamba "simu ilikuwa nzuri mpaka nilipoapdeti". Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia, nchi ambayo Tosamaganga inaifahamu vizuri kupitia Wamisionari wa Consolata, iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5. Kosa lilikuwa kuwasukuma wateja waweke matoleo mapya kwenye simu za zamani, iPhone 6 na Galaxy Note 4, ambazo hazikuyamudu, bila kuwaeleza madhara. Angalieni vizuri: waliadhibiwa kwa ajili ya matoleo mapya, yaani ghorofa. Kitasa hakikuwa kwenye kesi.

Simu ambayo fundi haji kamwe

Tatizo kubwa zaidi la simu za huku, kwa maoni yetu, ni masasisho yasiyokuja kabisa. Google ikishaandika marekebisho, hayafiki kwenye simu yako moja kwa moja. Yanapitia kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mtengenezaji wa simu, ambaye lazima ayafanyie kazi kwa kila modeli aliyoiuza. Kwenye simu ya bei kubwa anafanya hivyo kwa miaka mingi. Google na Samsung sasa zinaahidi miaka saba kwa simu zao za juu. Kwenye simu ya bei ya chini yenye faida ndogo, mara nyingi anafanya kwa muda mfupi, kisha anahamia modeli mpya. Mteja haambiwi. Hakuna ujumbe unaosema "kuanzia leo simu hii haina fundi". Ukimya tu, na mwenye simu anadhani ukimya ni uzima.

Simu za mtumba zina shida hiyo maradufu, maana muda wake ulianza kuhesabiwa kwenye mikono ya mtu mwingine.

Nchi za Ulaya zimechukua hatua. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya intaneti aseme wazi masasisho ya usalama yatatolewa mpaka lini. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka simu mpya zipate masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sheria hizo hazifiki Ipamba. Lakini Tanzania si nchi isiyoweza kugusa soko la simu. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na mpaka leo wengi wanajua kubonyeza *#06# kutazama namba ya utambulisho wa simu kabla ya kununua. Mamlaka iliyoweza kuzima simu inaweza pia kudai tarehe ichapishwe kwenye boksi: "masasisho ya usalama mpaka mwezi fulani, mwaka fulani". Tarehe hiyo ingemsaidia mkulima kulinganisha simu mbili za bei moja dukani. Mpaka hapo itakapoandikwa, muulize muuzaji. Akishindwa kujibu, umejifunza kitu kuhusu simu ile.

Ufanye nini na simu uliyonayo

Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu inayoeleza habari za simu, utafute mstari wa sasisho la usalama la Android. Una tarehe. Kama ni ya miezi michache iliyopita, fundi bado anakuja. Kama ni ya miaka miwili nyuma na simu inadai haina sasisho lolote jipya, basi hilo ndilo jibu.

Simu ikitangaza sasisho, soma ukubwa wake kabla ya kukubali. La usalama kwa kawaida huhesabiwa kwa MB. Lipokee, hata kama itabidi kusubiri bando la usiku au siku ya kwenda mjini kwenye Wi-Fi, na chaji ijae kwanza. Toleo jipya huweza kuzidi GB moja. Hilo halina haraka. Subiri wiki kadhaa, uliza mwenye simu kama yako, na kama simu ina nafasi ndogo au tayari inakwama, si lazima ulichukue.

Kwa simu iliyokwisha muda wake tuna ushauri mmoja ambao hauhitaji kununua kitu kama una kiswaswadu ndani: hamishia humo laini ya pesa. Menyu ya *150*00# ya M-Pesa, na za mitandao mingine, hazitegemei Android. Simu janja ya zamani ibaki ya redio, picha na WhatsApp, maadamu WhatsApp bado inaikubali. Oktoba 2023 ilifunga milango kwa Android za chini ya toleo la 5.

Wenye steshenari na shule nao wana lao. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi wanaojiandikisha wanapata marekebisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, na kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu inadai chipu ya usalama na kichakataji kipya. Flashi zinazozunguka kutoka kompyuta hizo kwenda madarasani hubeba zaidi ya mitihani.

Na sasisho la kweli halitumwi kwa meseji. Likija kwenye kundi la WhatsApp kama kiungo cha "apdeti WhatsApp yako upate rangi mpya", au kama faili la kusakinisha lililotumwa na mtu, hata awe binamu, usilifungue. Masasisho ya mfumo huja kupitia mipangilio ya simu yenyewe, na ya programu hupitia Play Store. Ujumbe wa kitapeli unaofika kwa meseji ya kawaida, pamoja na namba iliyoutuma, unapelekwa TCRA kwa namba 15040.