Subira Si Kukaa Kimya



Ndugu msomaji, katika madrasa zetu hakosekani mtoto anayebanwa na pumu kila ufikapo msimu wa baridi. Yupo mwenye seli mundu anayekosa masomo wiki nzima kwa maumivu ya viungo. Yupo pia anayejidunga sindano ya kisukari kwa kificho ili wenzake wasimwone. Watoto hawa huambiwa neno moja na kila mtu: "Subiri." Neno ni zuri na ni la kweli. Lakini hebu tujiulize, subira tunayowafundisha ni ipi? Wengi wetu tumeifanya kuwa ni kuinamisha kichwa na kunyamaza. Maoni yangu ni kwamba mgonjwa anayesubiri huku akiuliza, akisoma na kutafuta njia, subira yake haijapungua hata chembe. Na huenda maradhi yake yakawa mlango wa kheri kwa wengi.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Uganda. Kijana Brian Gitta alikuwa mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala. Aliugua malaria, na kwa bahati mbaya vipimo havikuiona. Alitobolewa na kupimwa damu mara nne ndipo ugonjwa ukajulikana. Kila mmoja wetu anaijua homa hiyo, na wengi tunajua maana ya kurudishwa nyumbani na jibu la "hakuna kitu" huku mwili unawaka moto. Wengi wangeishia kulalamika. Yeye alijiuliza: je, hakuna njia ya kuitambua malaria bila ya kumtoa mtu damu?

Pamoja na wenzake, miongoni mwao Shafik Sekitto, alianza kutengeneza kifaa walichokiita Matibabu. Naam, waliazima neno letu la Kiswahili. Kifaa hicho hubanwa kwenye kidole na kupitisha mwanga mwekundu kwenye ngozi. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzibadilisha, na mwanga ule unakusudiwa kuyagundua mabadiliko ya umbo, rangi na wingi wa chembe hizo. Jibu hutokea kwenye simu ya mkononi kwa muda wa dakika moja hivi, bila sindano. Vijana hawa walianzisha kampuni yao changa, na mwezi wa Juni 2018, mjini Nairobi, Gitta alipewa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Zawadi yake ilikuwa pauni 25,000. Alikuwa na umri wa miaka 24, na ndiye Mganda wa kwanza kuipata.

Ndugu zangu, sikuandika haya ili tushangilie tuzo. Yapo mafunzo matatu ambayo ningependa tuyazingatie.

Kwanza, mgonjwa ana elimu ambayo mtu mzima wa afya hana. Anajua ni saa ngapi maumivu huanza, ni dawa gani inamchosha, na ni wapi hospitali inamkwamisha. Marekani alikuwepo mhandisi mmoja, Richard Bernstein, aliyepatwa na kisukari mwaka 1946 akiwa na miaka 12. Mwaka 1969 alisikia habari za mashine ya kupima sukari kwenye damu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, iligharimu dola 650, na haikuuzwa kwa wagonjwa. Mkewe alikuwa daktari, basi akainunua kwa jina la mkewe. Akawa anajipima nyumbani mara kadhaa kwa siku, na kwa njia hiyo akajifunza kuidhibiti sukari yake. Alipoandika aliyoyaona, majarida ya kitabibu yaliyakataa. Hakukata tamaa. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 aliingia chuo cha udaktari, akahitimu, na akatibu wenye kisukari mpaka alipofariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90. Leo mashine ndogo ya kupima sukari inauzwa madukani, na hakuna anayeshangaa kuiona mkononi mwa mgonjwa.

Pili, maumivu peke yake hayatengenezi kifaa. Gitta aliijua kompyuta, lakini kompyuta haikutosha. Ilibidi yeye na wenzake waelewe damu, waelewe mwanga, na wakubali kukosolewa na waliowazidi ujuzi. Mwanafunzi anayesema "mimi hesabu na sayansi hazinihusu" anajifungia mlango ambao huenda siku moja akahitaji kuupita. Tusiweke ukuta baina ya kitabu cha skuli na kitabu cha madrasa. Wataalamu wa Kiislamu waliotutangulia, akina Ibn Sina, walivisoma vyote viwili.

Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, ni amana. Mwaka ule wa tuzo, wenye kifaa cha Matibabu walisema wazi kwamba usahihi wake ulikuwa umefikia asilimia 80 tu na kwamba majaribio yalikuwa bado yanaendelea. Hebu tufikiri maana yake. Katika kila watu 100 wanaopimwa, 20 wanaweza kupewa jibu lisilo sahihi. Mama akiambiwa mwanawe hana malaria, na kumbe anayo, atarudi naye nyumbani, na usiku ule ule hali inaweza kubadilika. Mwaka 2023, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000, takriban 95 katika kila 100 wakiwa Afrika, na wengi wao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Katika jambo kama hili, haraka ya kuuza ni hatari.

Ni jambo la kusikitisha kwamba mitaani kwetu wapo wauzao mafuta, vidonge na bangili za "kutibu kila kitu" bila ya kipimo chochote. Kuwa na nia njema, au kuwa uliwahi kuugua, si ruhusa ya kuwajaribia watu afya zao. Biashara ni halali, na kampuni lazima ipate fedha ili ilipe wafanyakazi na majaribio. Lakini mwenye kuuza kifaa cha tiba anashika roho za watu. Kasoro aijuayo lazima aiseme, kama muuza nguo anavyotakiwa kuonyesha palipotoboka.

Pengine mtu atasema: "Je, kila mgonjwa awe mvumbuzi? Si kumbebesha mzigo juu ya mzigo?" Hapana. Mtoto mgonjwa hana deni la mtu. Akiweza kula, kulala na kusoma, hiyo ni neema tosha. Ninachokiomba ni tusimzibe mdomo.

Wazazi wetu, msimfiche mtoto kwa kuona aibu; maradhi si fedheha. Mpelekeni hospitali, na mumwache aulize maswali yake mwenyewe mbele ya daktari. Walimu wetu, mwenye seli mundu akiomba kunywa maji katikati ya somo, mwacheni anywe. Nawe mwanafunzi mwenzangu unayeugua, chukua daftari uandike: lini ilianza, ulikula nini, nini kilikupa nafuu. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila na dawa yake imeteremshwa. Basi dawa ipo, na kazi ya kuitafuta tumeachiwa sisi.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.