Homa ni nini, walimu wenzangu?

Mwalimu wa Kiswahili akiwauliza wanafunzi wake mjini Nakuru maana ya neno homa, atapata majibu matatu: mafua, malaria, na joto la mwili kupita kiasi. Darasani huo ni mjadala mtamu. Kwa mgonjwa wa saratani ya limfu aliyepandikizwa seli shina, ni suala la uhai.

Tiba hiyo, ambayo Wakenya wengi wamekuwa wakiifuata India, mara nyingi hutumia seli za mgonjwa mwenyewe. Seli hukusanywa na kuhifadhiwa. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuangamiza saratani, ambazo huangamiza pia uboho unaotengeneza damu. Ndipo hurudishiwa seli zake. Kwa wiki mbili hivi huwa karibu hana chembe nyeupe za kumkinga, na hata akisharudi nyumbani Molo au Njoro, kinga yake huchukua miezi mingi kuimarika. Katika kipindi hicho joto la nyuzi 38 ni dharura, kwani huenda ndiyo dalili pekee ya maambukizi yaliyokwisha kuingia damuni. Mwambie basi, kwa mkato, "ukipata homa urudi hospitalini." Atakunywa chai ya tangawizi alale, au jamaa zake watamnunulia dawa ya malaria.

Kuna na mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini tangu utotoni huamka kinga inapodhoofika, na ndiyo maana mgonjwa hupewa vidonge vya kuvizuia kwa miezi mingi. Lakini jina hilo lilitiwa doa na Ukimwi, na mwenye vipele huona haya kuvionyesha. Aidha, yeye huhitaji kuchanjwa upya chanjo za utotoni. Nani amemweleza kwamba hazikuwa za watoto tu? Na agizo la "usile vitu vichafu" halimfai mtu wa Kuresoi: kwake mursik si uchafu hata kidogo, ni heshima. Atajwe mursik kwa jina.

Sisi wanaisimu tumezoea kubuni istilahi na kuzifungia kabatini. Idara zetu, ya Egerton pale Njoro ikiwemo, zingeweza kukaa na wauguzi zikaandika karatasi moja ya kumpa mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, na kumsomea mgonjwa mwenyewe kabla ya kuichapisha. Sentensi ya kwanza ningependekeza hii: "Ukipima joto ukaona 38 au zaidi, njoo hospitali usiku huohuo, usingoje kupambazuke."