Nyama Nyekundu Kidondani

Mara nyingi bibi hufungua bendeji ya mumewe, akaona kidondani nyama nyekundu yenye vichembe, inayotoka damu kwa kuguswa kidogo tu, akadhani kidonda kimeharibika. La hasha! Hiyo ndiyo nyama mpya. Siku 3 hivi baada ya kuumia, mishipa midogo ya damu huanza kuchipuka kutoka ile ya zamani, ikaingia kidondani kupeleka chakula na oksijeni.

Lakini mishipa hiyo ingali michanga. Kuta zake ni nyembamba, na seli zake hazijashikana barabara. Ndiyo maana huvujisha majimaji. Vijidudu vikiingia na mwili ukaanza kupambana navyo, mishipa michanga huweza kuvuja kuliko iliyokomaa, na kidonda kikavimba upesi.

Kwa hiyo shashi iliyogandia kidonda isinyofolewe kwa nguvu, kama wafanyavyo askari wenye haraka ya kurudi zamu. Ilowesheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mngoje ilegee. Mkiona usaha, harufu mbaya, wekundu unaoenea au homa, mgonjwa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.