Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Kichupa Ndani ya Kiroba

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KIPIMO CHA VIPOKEZI KWA WAGONJWA WA SARATANI YA MATITI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia baada ya kumuuguza shangazi yangu, ambaye saratani ya titi ilimfikia hadi kwenye ini.

Ukoo ukisikia "imefika kwenye ini", vikao vinaanza. Watu wanaulizana habari za shamba na nyumba, mgonjwa mwenyewe yuko jikoni anasonga ugali. Siwalaumu. Ugonjwa ukishafika huko kwa kawaida hauponi, na anayeahidi kuuponya anatafuta hela. Ila kuna kuishi na ugonjwa usiopona. Zile seli zilizohamia kwenye ini bado ni saratani ya matiti, na zinatibiwa kwa dawa za saratani ya matiti. Mwenye aina yenye vipokezi vya homoni, yaani inayotegemea homoni, maadamu ini halijaanza kushindwa kazi, anaweza kwenda miaka kadhaa kwa vidonge. Aina yenye kipokezi cha HER2 zamani ilikuwa ikiua haraka. Katika utafiti wa CLEOPATRA, zaidi ya nusu ya waliopewa trastuzumabu, petuzumabu na dositakseli kwa pamoja waliishi zaidi ya miaka minne na nusu, na wengi wao ugonjwa ulikuwa umeshaingia viungo vya ndani. Isiyo na kipokezi hata kimoja, cha homoni wala cha HER2, ndiyo ngumu: tegemeo kubwa ni kemo, na muda huwa mfupi.

Daktari akiulizwa "amebakiza muda gani?" kabla hajaijua aina, atakachojibu ni kubahatisha.

Aina inajulikana kwa kupima kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe, na hapo, Mheshimiwa, ndipo tunapopoteza watu. Kinyama kikishakatwa kinatakiwa kiingie kwenye fomalini bila kuchelewa, kikae humo saa 6 hadi 72, ndipo kizamishwe kwenye nta. Shangazi alikatwa Ijumaa asubuhi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Nesi akanikabidhi kichupa kilichozungushiwa plasta, jina limeandikwa kwa kalamu ambayo wino wake ulikuwa umeanza kufutika, akasema nikipeleke maabara mjini. Nilikitia kwenye kiroba, nikapanda basi. Maabara imefungwa mpaka Jumatatu. Jumatatu mpokeaji hayupo. Kikapokelewa Jumanne mchana, na jibu lililokuja lilisema vipokezi vyote hasi. Shangazi akapigwa kemo mpaka kucha zikawa nyeusi.

Baadaye daktari mwingine alichukua kinyama kipya kwa sindano, kwenye ini lenyewe, akiongozwa na atrasaundi. Homoni: chanya. Huenda jibu la kwanza liliharibiwa na safari ile, huenda ugonjwa wenyewe ulibadilika, maana hilo nalo hutokea. Vyovyote vile, kidonge ambacho ni rahisi kuliko dripu moja ya kemo kilikuwa kinamsubiri, na hakuna aliyejua.

Makohozi ya kifua kikuu yana utaratibu wake wa kusafirishwa kutoka kituoni hadi maabara. Hakuna anayemwambia mgonjwa ayabebe mwenyewe kwenye kiroba. Kwa nini kinyama cha titi kiachiwe ndugu, tena ndugu asiyeambiwa kwamba saa zinahesabika?

Kuna pia suala la maumivu. Ini likivimba, chini ya mbavu za kulia panauma kiasi cha kumnyima mtu usingizi, na panadol haifui dafu. Mofini ya maji ni dawa ya bei nafuu. Haifai mgonjwa wa wilayani asafiri hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kuifuata.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Trastuzumabu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Naomba kipimo cha vipokezi, pamoja na cha kurudia saratani inaposambaa, kitajwe kwa jina lake kwenye kitita cha mafao cha bima hiyo, na trastuzumabu iambatane nacho. Naomba pia kila hospitali inayokata kinyama iwajibike kukifikisha maabara ndani ya saa zinazotakiwa, na ndugu wa mgonjwa aondolewe kwenye kazi hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi, Morogoro